Mambo ya Nyumbani: Sahani ya Mama

Jua likishatua, katika nyumba nyingi za wakulima wa Nyeri, Meru, Kisii, Kakamega na kwingineko, chungu huteremshwa mekoni na chakula huanza kugawanywa. Sahani ya kwanza ni ya baba, isipokuwa yupo mgeni, ambaye hutangulizwa. Kisha huja wavulana, kwa kuwa wametoka malishoni na sauti zao zimeijaza nyumba nzima, kisha wasichana, kisha mtoto mdogo, ambaye hulishwa na mama kwa mkono. Mtoto huyo akishiba, ndipo mama hutazama ndani ya chungu. Pakiwa na kitu, hula. Pasipokuwa na kitu, hukwangua ukoko, hujimiminia kikombe cha chai na kuanza kuosha vyombo.

Hakuna aliyemwamuru kufanya hivyo. Ni desturi, na wenye kuishika kwa bidii zaidi ni akina mama wenyewe, kwani husemwa kwamba mama mwema hali kabla ya wanawe. Neno hilo ni zuri. Hata hivyo, ndani yake mna hesabu, na hesabu hiyo haijapata kufanywa hata katika nyumba ambamo bei ya kahawa na ya mbolea huandikwa daftarini kila juma.

Mama wa shamba huamka kabla ya kupambazuka. Huwasha moto, hupika chai, huwatayarisha watoto wa shule, hukama ng'ombe, kisha huteremka mtoni. Debe la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na huenda akalichukua mara mbili au tatu kwa siku moja. Kisha ni jembe mpaka jua la utosini, kisha kuni, kisha majani ya ng'ombe, kisha jiko tena.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa wataalamu kadha, miongoni mwao G. M. O. Maloiy wa Kenya, juu ya wanawake wa Kijaluo wachukuao mizigo kichwani na wanawake wa Kikuyu waichukuao mgongoni kwa ukanda upitao juu ya paji la uso. Wanawake hao walipimwa hewa waliyoitumia walipokuwa wakienda. Ikaonekana kwamba mwanamke aliyeizoea kazi hiyo aweza kuchukua mzigo uliofikia sehemu ya tano ya uzito wa mwili wake bila kutumia nguvu zaidi kuliko anapokwenda mikono mitupu. Hilo ni jambo la ajabu, na ni sifa kwa mwendo wao. Lakini bwana asikimbilie kusema kwamba basi mzigo si kitu kwa mwanamke, maana uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba kipimo hicho kikipita, nguvu hutumika kwa kadiri ya uzito unaoongezeka. Mama wa kilo 60 huchukua bure kilo 12 tu. Debe la maji ni kilo 20, bila kuhesabu chombo chenyewe. Zile kilo nane zilizozidi hulipiwa kwa kila hatua kutoka mtoni hadi nyumbani, tena kwa kupanda mlima, na malipo hayo hayatoki penginepo ila katika chakula.

Iwapo mama huyo ananyonyesha, hesabu yapanda tena. Mtoto mchanga hunyonya karibu robo tatu ya lita ya maziwa kila siku, na ili kuyafanya maziwa hayo mwili wa mama wahitaji kalori kama 500 zaidi ya chakula chake cha kawaida. Hicho ni kiasi cha sahani nzima ya kande pamoja na kikombe cha uji. Ukoko hauwezi kukitoa.

Kila mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa alijua jambo hili zamani. Hangojei maziwa kutoka kwa ng'ombe asiyelishwa. Humkatia majani, humnunulia chakula cha gunia na chumvi ya kulamba, na siku za kiangazi hukopa fedha ili asikose. Mfano huu usimkasirishe bibi yeyote. Umeletwa kwa ajili ya mabwana, ambao mambo ya ng'ombe huwaingia upesi. Tena kuna tofauti moja kubwa. Ng'ombe asiposhiba, maziwa hupungua asubuhi ya pili, na mwenyewe huona ndooni kwamba kuna hasara. Maziwa ya mama hayapungui upesi namna hiyo. Mwili wake, usipopata chakula cha kutosha, hutoa akiba yake wenyewe, nyama yake na mafuta yake, ukampa mtoto. Mtoto hunawiri. Watu husifu. Mama hukonda polepole, na kwa kuwa hakuna ndoo ya kuionyesha hasara hiyo, hapana aionaye.

Katika zahanati moja ya milimani, mama wa watoto watano alimleta kitinda mimba wake wa miezi saba kwa ajili ya kikohozi. Mtoto alipimwa, na uzito wake ulikuwa mzuri. Mwuguzi alikuwa akimrudishia kadi alipoutazama mkono uliokuja kuipokea. Kiganja kilikuwa cheupe kama karatasi. Akamketisha tena mama yule, akalivuta chini kope la jicho lake, na ndani hapakuwa na wekundu.

"Mama, jana ulikula nini?"

"Asubuhi nilikunywa chai, sista."

"Na mchana?"

"Mchana nilikuwa shambani."

"Jioni je?"

"Watoto walikula kande."

"Nimekuuliza wewe, mama, sikuwauliza watoto."

Mama yule akacheka kidogo, akasema kwamba bila shaka naye alikula, maana chungu kilikuwa kikubwa. Alipoulizwa alikula kiasi gani hakuweza kukumbuka. Kisha likatoka neno jingine, kwa haya nyingi: kwamba tangu mimba ya mwisho alikuwa akinunua sokoni vile vijiwe laini vya udongo, akavitafuna njiani.

Mwuguzi hakumcheka. Uchunguzi uliofanywa Kilifi katika miaka ya 1990 miongoni mwa wanawake waja wazito ulionyesha kwamba ulaji wa udongo huandamana na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Madini hayo ndiyo yaifanyayo damu kuwa nyekundu na kuchukua hewa. Mwanamke wa umri wa kuzaa huyahitaji karibu mara mbili ya mwanamume, kwa kuwa hupoteza damu kila mwezi, na kila mimba humtaka damu nyingine. Penye malaria na michango ya safura upungufu huzidi. Mama mwenye damu haba huchoka kabla ya kazi kwisha, hutweta kilimani, moyo humwenda mbio, na jamaa zake humwita mvivu. Akishika mimba tena katika hali hiyo, mtoto aweza kuzaliwa mdogo au kabla ya siku zake. Na mama akitokwa na damu wakati wa kuzaa, hana akiba ya kupoteza. Mambo haya si ya kutishia watu. Hutokea, na huanzia chunguni.

Jambo la kutia moyo ni kwamba chakula kimfaacho mama wa shamba hakitoki dukani. Kande yenyewe ni chakula bora kuliko wengi wanavyodhani. Mahindi peke yake hayaujengi mwili sawasawa, kwa kuwa yamepungukiwa na vitu fulani vya kujenga nyama. Maharagwe yanavyo kwa wingi, na kile kinachopungua katika maharagwe hupatikana katika mahindi. Vikipikwa pamoja, kila kimoja hulipa deni la mwenziwe. Wazee wa Kikuyu, ambao hawakuwa na maabara, walimpikia mzazi njahi na uji wa wimbi. Watu wa pwani humpa mzazi uji wa pilipili manga na kumpumzisha siku arobaini. Hizo ni desturi za akili, na ubaya wake ni mmoja tu, kwamba siku ya arobaini na moja mama hurudi kwenye ukoko.

Mboga za majani ndizo za kupewa heshima ya kwanza: mchicha, mnavu, kunde, majani ya maboga na sukuma wiki. Mwaka 1931 Medical Research Council ya Uingereza ilichapisha taarifa ya John Boyd Orr na John Gilks, waliolinganisha afya ya Wakikuyu na ya Wamasai. Wanaume wa Kimasai, wenye kula nyama na maziwa, walionekana kuwa warefu na wazito kuwapita wanaume wa Kikuyu, walioishi zaidi kwa nafaka na viazi. Lakini wanawake wa makabila hayo mawili hawakutofautiana kiasi hicho, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani ambazo waume wao hawakuzijali. Taarifa hiyo ilikuwa na makosa ya wakati wake katika mengine, lakini hapo iliona vyema. Jambo la kusikitisha ni kwamba siku hizi baadhi ya mabinti waliosoma huona haya kuchuma mnavu, wakauita chakula cha bibi zao.

Madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe hayaingii mwilini kwa urahisi kama yale ya nyama. Husaidiwa na ndimu, chungwa, pera, papai au nyanya zinapoliwa pamoja nayo. Huzuiwa na chai. Hapa ndipo desturi ya kuteremsha chakula kwa chai inapodhuru, hasa kwa yule ambaye chakula chenyewe kilikuwa kidogo. Chai haikatazwi, ingojewe muda wa saa moja baada ya kula, na mahali pake panywewe maji, au liliwe pera moja la uani.

Kuhusu unga, ule uliosagwa kwenye kinu cha kijijini pamoja na maganda na kiini chake una faida kupita sembe nyeupe, ambayo imetolewa vitu hivyo ili ipendeze macho. Serikali ya Kenya iliagiza mwaka 2012 kwamba unga wa mahindi wa viwandani utiwe vitamini na madini, nayo chuma ikiwamo, na hilo limesaidia wanunuao unga wa pakiti. Anayesaga mahindi yake mwenyewe asione haya kwa rangi ya ugali wake.

Jambo la mayai ni gumu zaidi, maana limeingia katika fedha. Kuku watagapo, mayai hupelekwa sokoni, na fedha zake hununua sukari, sabuni na madaftari. Hakuna awezaye kumlaumu mama kwa hesabu hiyo. Lakini akiuza mayai 20, abakize mawili ale yeye, wala asimpe mtu mwingine hata akililiwa. Katika sehemu kadha za Magharibi wanawake walikatazwa hapo zamani kula kuku, na ingawa katazo hilo limelegea, kuna nyumba ambamo mama bado hupitisha paja na kifua na kubaki na shingo. Kwa watu wa karibu na Ziwa Victoria iko omena, ambayo huliwa nzima pamoja na mifupa yake, na yamjenga mama mifupa na nyama kwa bei ndogo.

Mama wa mjini yu katika hali nyingine, ingawa mzizi wake ni ule ule. Mke wa karani, ambaye mara nyingi yeye mwenyewe ni karani au mwalimu, huondoka nyumbani alfajiri bila kula, huketi kitini mchana kutwa, hununua viazi vya kukaanga na soda, na jioni hurudi katika gari amechoka kwa foleni. Soda ya chupa ndogo ina sukari karibu vijiko vinane vya chai. Nyumbani huwapakulia watoto, na yeye hula akiwa amesimama: kipande cha chapati alichokiacha huyu, wali uliobaki kwa yule, uji uliopoa katika kikombe cha mdogo. Mwenzake wa shamba hukosa kwa kula mwisho; huyu huzidisha kwa kula mwisho, kwa sababu kitu kisichokuwa katika sahani hakihesabiwi. Uchunguzi wa afya wa Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika kila wanawake watatu wa umri wa miaka 15 hadi 49, mmoja alikuwa na uzito uliopita kiasi. Uzito huo huleta kisukari na maradhi ya shinikizo la damu, ambayo zamani yalidhaniwa kuwa ya matajiri.

Huyu ndiye apasaye kuutafutia mwili kazi. Shirika la Afya la Dunia lilieleza mwaka 2020 kwamba mtu mzima yampasa kuutumia mwili wake kwa kazi ya wastani, kama mwendo wa haraka, dakika 150 hadi 300 kwa juma, na kwamba dakika hizo zaweza kukusanywa kidogo kidogo. Basi mama mwenye watoto asidhani kwamba ni lazima apate saa nzima, viatu maalumu na uwanja. Kumpeleka mtoto shuleni kwa miguu badala ya gari, kushuka kituo kimoja kabla ya chake, kupanda ngazi, kufua kwa mikono, kuruka kamba na binti zake jioni: yote hayo ni hesabu. Mwenye kujifungua karibuni aanze kwa mwendo mfupi na kuongeza polepole, na aliyepasuliwa amwulize daktari kwanza. Asubuhi ale kitu cha nyumbani kabla ya kutoka, hata ikiwa ni kiazi kitamu cha jana na kikombe cha maziwa, maana anayetoka na njaa hununua chochote kilicho karibu na mlango wa ofisi.

Mama wa shamba hana haja ya kuambiwa aruke kamba. Dakika 300 huzimaliza kabla ya siku ya pili kwisha. Yeye hutaka kupunguziwa. Madebe madogo ya lita 10, hata kama safari zitaongezeka, humweka ndani ya kile kipimo cha kuchukua bure. Punda au mkokoteni humsaidia zaidi. Bora ya yote ni paa. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi paa la mabati la mita 50 za mraba, ikinyesha milimita 20 usiku mmoja, humwaga lita 1,000, yaani madebe 50. Hata yakipotea madebe kumi kwa kuvuja na kuruka, yaliyobaki ni safari 40 za mtoni. Katika nyumba nyingi maji hayo huachwa yachimbe shimo karibu na ukuta, na asubuhi mama huchukua debe na kuteremka mlima. Bwana anayepanga kununua redio kubwa afikiri kwanza habari za mfereji wa paa na tangi.

Yule mama wa zahanati alipewa vidonge vya chuma na dawa ya michango, akaambiwa aviache vile vijiwe, na aje na bwanake wiki ya pili. Bwana huyo alikuja, ingawa kwa shingo upande, akakaa mwisho wa benchi miongoni mwa wanawake. Mwuguzi hakumhutubia. Alimwonyesha kiganja cha mkewe kando ya kiganja chake mwenyewe, akamwuliza ni ng'ombe wangapi alio nao na kila mmoja hula nini. Bwana akajibu kwa ukamilifu mkubwa. Kisha akaulizwa mkewe alikula nini jana.

Jioni ile chungu kiliteremshwa kama kawaida, na binti mkubwa akampakulia baba yake. Baba akaiweka sahani mezani, wala asiguse kijiko.

"Ya mama yenu iko wapi?"

Watoto wakatazamana. Mama, aliyekuwa amempakata mdogo, akasema, "Wewe kula tu, baba watoto. Mimi nitakula baadaye."

Bwana akasema kwamba hana haraka. Wavulana, walioona kwamba na wao hawatapakuliwa mpaka jambo hilo liishe, wakaanza kunong'ona. Mama akasema tena kwamba mtoto hajalala. Bwana akanyosha mikono, akampokea mtoto, jambo ambalo hakulizoea, naye mtoto akalia kwa sauti kubwa. Binti akachukua sahani nyingine, akaijaza mpaka ukingoni, akaweka mboga juu, akamletea mama yake. Kande ilikuwa imekwisha kupoa walipoanza kula, nao wakala wote kwa pamoja.